Jiwe Jeusi Uani kwa Mama

Jana usiku, nikiwa nimelala kwa mama yangu huko Magu, niliota kuna jiwe jeusi limesimama uani, kati ya jiko la nje na banda la kuku. Lilikuwa bapa kama mlango, refu kupita paa la nyumba, na halikuwa na mkwaruzo wala herufi. Mama alikuwa amekwisha kulianikia kanga zake.

Nililitambua mara moja, maana mimi ndiye niliyekuwa nikilichora. Kazi yangu ni kuchora hadithi za picha za watu wanaosafiri angani, na kila hadithi iliponishinda kumaliza, niliweka jiwe jeusi kwenye ukurasa wa mwisho. Wasafiri wanalikuta kwenye sayari fulani, wanalishika, wanakufa. Wasomaji huniandikia kwamba wameelewa. Sijawahi kuwauliza wameelewa nini.

Sasa jiwe liko kwa mama. Na mama amekuwa akikohoa tangu masika, juzi amepigwa picha ya kifua kule Mwanza, na majibu bado. Kwa hiyo nilijua limemfuata nani. Nikakaa juu ya kinu.

"Usikae hapo," jiwe likasema. "Unakiumiza."

Kinu kweli kilikuwa kinaugulia kwa sauti ya chini. Nikakiomba radhi, nikahamia kwenye kigoda, ambacho hakikuwa na neno.

Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, akaliuliza jiwe umri wake. Likajibu kwamba lilikuwepo kabla ya ziwa. Mama akapiga goti kidogo, akaliamkia shikamoo. Jiwe likaona aibu, likaitikia marahaba. Likasema kwamba kwenye michoro na hadithi za watu, wengi wamelisujudia, lakini hakuna aliyewahi kulisalimia.

Lilipozoea, likaanza kueleza shida zake. Wachonga sanamu wanalisimamisha kwenye viwanja vya miji yenye baridi. Watunzi wa hadithi za angani wanaliacha mwezini peke yake, miaka na miaka, lingoje mtu afike ashangae. Wote wanalipenda kwa sababu moja: halina kitu usoni, basi kila mtu anaweka lake.

"Na wewe," likaniambia, "umeua watu wengi mbele yangu. Mimi sikumgusa hata mmoja."

Nikauliza limekuja kufanya nini. Likasema limefika kwa utaratibu wa kawaida: alama ikisimama uani kwa mtu, haiondoki mpaka iambiwe maana yake, na neno linalotamkwa ndilo linalokuwa. La mgeni hudumu kidogo tu. La mwenye nyumba hudumu moja kwa moja.

"Neno lolote?" nikauliza.

"Lolote. Ndiyo maana nashauri watu wasiropoke."

Mtu akaropoka. Ni Dokta Rweyongeza, mtaalamu wa sanaa, amesimama nyuma yangu na suti ya mwanaanga, tai ameifunga kwa nje. Uani pamegeuka jumba la makumbusho na pamezungushiwa kamba. Dokta anawaelezea wageni, ambao wote ni kuku wa mama. Anasema jiwe hili ni utupu.

Papo hapo sufuria ya uji inakuwa tupu. Mtungi unakuwa mtupu. Mama anafunua kawa na kukuta chini yake hakuna hata sahani. Anamtazama dokta kwa namna ambayo dokta anaona heri abadilishe. Anasema basi, jiwe ni elimu.

Uji unarudi. Jogoo anavuka kamba, analigusa jiwe kwa mdomo, anageuka na kumwuliza mama kwa upole ni kwa msingi gani mayai yanahesabiwa kuwa yake. Mama anamwambia hilo watalizungumza baadaye. Muda wa elimu unakwisha, jogoo anarudi kuparura. Dokta Rweyongeza anaomba ruhusa ya kwenda zake, anapewa.

Hakuna aliyehama, lakini tuko mwezini. Mama amevaa kandambili. Analalamika kwamba vumbi la huku litamharibia kifua zaidi, kisha anakohoa, na kikohozi chake kinaelea mbele yetu kama kipande cha pamba, hakianguki. Jiwe linasubiri. Kuku wote wananitazama mimi, maana mimi ndiye mchoraji.

Neno ninalo mdomoni. Nimelichora mara nyingi mno, limekuwa gumu kama kokoto, linagonga meno likitaka kutoka. Mimi ni mtoto wa nyumba hii, nikilitamka, litadumu. Naziba mdomo kwa mikono miwili. Machozi yananitoka na kuelea.

Mama ananiona. Ananijua nikiwa hivi tangu nilipokuwa mdogo.

"Nyamizi, tema," anasema.

Natikisa kichwa.

"Tema kwenye mkono wangu."

Natema. Linaanguka kiganjani mwake, jeusi, dogo kuliko nilivyodhani. Analigeuza, analisoma: kifo. Hashtuki. Analifunga kwenye pindo la kanga yake, anakaza fundo.

"Hili ni langu," anasema. "Nitalitumia siku yake ikifika. Leo nina kazi."

Halafu analisogelea jiwe, anabandika sikio, anasikiliza kama mtu anayesikiliza mtoto aliyelala chumba cha pili. Anaingiza mkono. Mkono unapita mpaka kwenye kiwiko. Mwanga unawaka nyuma ya jiwe, na ndani yake naziona mbavu za mama, zimepangika huku na huku kama ngazi, na moyo katikati, mweupe, umeegemea upande. Kati ya mbavu ni weusi tu.

Nauliza weusi ule ni nini. Jiwe linasema halijui. Hakuna aliyewahi kulitazama ndani, wote huishia nje wakishangaa.

Mama anavuta pumzi. Weusi unatanuka. Anaitoa. Weusi unapungua. Anarudia tena, taratibu, kama anayejaribu kiatu.

"Ni hewa," anasema.

Na yeye ndiye mwenye nyumba. Jiwe linamshukuru kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Linaanza kulegea juu, kisha katikati, kisha lote linakuwa upepo. Upepo unavuma mwezini, unapeperusha kanga, unabeba kile kikohozi na kwenda nacho, na mimi nalia na kucheka kwa pamoja mpaka najiamsha.

Kulikuwa kumekucha. Nilisikia pikipiki ikizimwa mlangoni. Mdogo wangu Nkamba, anayefanya kazi Mwanza, aliingia na koti linalochuruzika maji. Alisema mvua imempiga njia nzima, na tangu jana anatupigia hatupatikani, ndiyo maana kaja mwenyewe. Jana jioni alionana na daktari. Kifua cha mama ni safi. Kikohozi kimetokana na moshi wa kuni. Kuna dawa ya kutumia, na lile jiko litobolewe madirisha.

"Picha yenyewe ilinitisha," Nkamba alisema. "Nyeusi tii. Daktari akaniambia nisiogope, pale peusi ndipo penye hewa. Pangekuwa peupe ndiyo tungehangaika."

Mama alimwuliza kama amekula. Mimi niliegemea ukuta, nikateleza nao mpaka chini, nikacheka hadi Nkamba akamwuliza mama kama nami nimeanza kuumwa.

Baadaye nilitoka nje. Uani kote kulikuwa na tope. Mvua ilikuwa imenyesha hasa. Lakini kati ya jiko na banda la kuku palikuwa na sehemu ndefu, nyembamba, ya vumbi kavu, kingo zake zimenyooka kama zilizopigwa rula. Kuku walikuwa wamejipanga humo, hawataki kukanyaga maji. Nikamwita mama.

Alipaangalia. Akaangalia mawingu, akaniangalia na mimi. Kisha akaingia ndani, akarudi na mkeka na ungo wa mtama, akawafukuza kuku.

"Shika huo upande," akasema. "Tuanike kabla hapajalowa."