Somo la Shifra na Pua

Karatasi za kufuatilia uchungu ziliisha mwezi wa pili, na tangu hapo wakunga wa wodi ile waliandika mapigo ya moyo wa watoto kwenye maboksi matupu ya glavu. Waliyakata kwa mkasi, wakayatoboa tundu, wakayafunga kwa uzi kwenye chuma cha kitanda. Ofisini walijua. Kila mwezi waliahidi karatasi, na kila mwezi maboksi yaliongezeka. Mkunga wa zamu ya asubuhi, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu ambaye wodi nzima ilimwita Sista, alikuwa na mwandiko mzuri hata kwenye boksi.

Jumatano hiyo, saa saba mchana, alikuwa ameinama kwenye sinki akisugua damu kwenye kucha. Boksi la kitanda cha nne lilikuwa mfukoni mwa aproni yake, na lilikuwa na mistari mitano. Saa mbili, mia moja thelathini na nane. Saa tatu, mia moja thelathini. Saa nne, mia moja na nne. Saa tano, sabini. Mstari wa mwisho ulikuwa na saa tu, saa sita, bila namba.

Mwenye kitanda cha nne alikuwa binti wa miaka kumi na tisa, mfua nguo za watu, na mtoto huyo ndiye angekuwa wake wa kwanza. Kamba ya kitovu ilimzunguka mtoto shingoni. Alitakiwa kutolewa kwa upasuaji kabla ya saa tano, na daktari alikuwepo. Kilichokosekana ni chumba. Wakaguzi walikuwa wanakuja Ijumaa, kwa hiyo chumba cha upasuaji kilikuwa kinapakwa rangi. Fundi alikuwa juu ya ngazi, meza ya upasuaji iko nje imefunikwa nailoni. Gari la wagonjwa, ambalo lingempeleka hospitali nyingine, lilikuwa limekwenda kubeba viti vya wageni.

Sista alikwenda ofisi ya msimamizi mara tatu kuomba gari lirudishwe. Mara zote tatu alibisha hodi, akasubiri akaribishwe, akaomba kwa adabu. Adabu hiyo ndiyo iliyokuwa ikimkera sasa kuliko damu kwenye kucha.

"Sista, unaitwa ofisini," mhudumu alimwambia.

Msimamizi wa kituo alikuwa mtu mpole, na upole wake ulikuwa umeshawaponza wengi. Alikuwa pia mzee wa kanisa lililo ng'ambo ya barabara, na yeye ndiye aliyepanga masomo ya kina mama ya mwezi huo, Wanawake Jasiri wa Biblia. Daftari la uzazi lilikuwa wazi mezani kwake.

"Pole na kazi, dada. Kaa." Akasukuma daftari mbele. "Kitanda cha nne bado hujajaza. Mapigo alipofika, andika hayakusikika. Kwenye maelezo, andika mama alichelewa kufika."

"Yalisikika, mzee. Nimeyaandika."

"Kwenye boksi la glavu. Boksi si kumbukumbu." Hakupaza sauti. "Wakaguzi wakikuta kifo cha namna hiyo, watatufungia wodi. Kina mama wa mtaa huu watazalia wapi? Na mkataba wako unaisha mwezi huu. Nataka niandike barua nzuri."

Sista alilifunga daftari.

"Leo unafundisha Shifra na Pua, si ndiyo?" Msimamizi alitabasamu kidogo, kama mtu aliyekumbuka kitu cha kufariji. "Farao aliwaagiza wawaue watoto wa kiume. Hawakuwaua, na walipoulizwa wakamwambia wanawake wa Kiebrania huzaa haraka, kabla mkunga hajafika. Walimdanganya mfalme mchana kweupe, dada, na Mungu akawajengea nyumba. Walilinda kazi ya uzazi. Nawe linda. Nalitaka daftari saa kumi na mbili."

Sista alitoka na daftari kwapani. Ubaya ni kwamba alichosema msimamizi kilikuwemo kwenye Biblia yake, na alikuwa amekipigia mstari mwenyewe.

Saa kumi alivuka barabara kwenda kanisani. Kina mama kumi na mmoja walikuwa wameshakaa kwenye mabenchi, wengine na nguo za kazi, mmoja akimenya viazi kwenye beseni ili asipoteze muda. Alipolitaja jina la Pua wakacheka, kama walivyocheka mwaka uliopita na wa kabla yake. Akawasimulia vizuri, maana kusimulia alijua. Kisha akafika pale kwenye jibu la wakunga mbele ya mfalme, akalisoma mara mbili.

"Sasa Sista," alisema mama wa viazi, "hao si walidanganya? Mbona sisi watoto wakidanganya tunawachapa?"

"Nami nimekuwa nikijiuliza hivyo hivyo leo," alisema Sista. "Sijui nijibu nini."

Mwalimu kusema hajui, hilo lilikuwa jipya. Wakatazamana. Muuza mkaa, ambaye kwa kawaida alikuja kupumzisha miguu zaidi ya kusikiliza, akakohoa.

"Mimi naona tuangalie tu walikuwa wanamficha nani, na wanamficha kwa nani. Hawa waliwaficha watoto wachanga wasionwe na mfalme. Mtu akimficha mfalme ili mama wa mtoto asimwone, jamani, huyo si Shifra. Huyo ni mtu wa Farao."

"Na walipokuwa wanajibu, hawakuogopa?" aliuliza mwingine.

"Nadhani waliogopa," Sista alisema. "Wangekuwa vichaa wasiogope." Akafunga kwa sala fupi mno, mpaka wawili wakachelewa kufumbua macho.

Aliporudi wodini alisimama kwenye dirisha la dawa, akafungua daftari, akanakili mistari yote mitano ya boksi kwa kalamu ya wino. Kwenye maelezo aliandika: chumba cha upasuaji kilikuwa kinapakwa rangi, gari lilikuwa limebeba viti. Safari hii mwandiko haukuwa mzuri. Hakujidanganya. Ukurasa huchanwa, na daftari jipya lingeweza kufunguliwa kesho asubuhi likajazwa na mtu mwingine.

Kutoka kitanda cha nne alisikia sauti ya mama mkwe kwenye simu. "Ndiyo hivyo, amempoteza. Si alikuwa anamalizia nguo za watu? Hata ofisini wamesema amechelewa." Binti alikuwa amegeukia ukutani. Maziwa yalikuwa yameshaanza kulowesha gauni lake.

Kumbe walikuwa wameshaambiwa. Sista alihisi hasira aliyoikosa asubuhi, na hakuifunika kwa adabu. Akaenda, akashika bega la binti.

"Mwanangu, geuka unitazame. Hukuchelewa."

"Nilibakiza mashuka mawili tu," binti alisema. "Nikasema niyaanike kwanza."

"Hukuchelewa. Mtoto wako alifika hapa mzima. Nilimsikia kwa sikio langu."

Mama mkwe aliteremsha simu polepole. Kitanda cha tatu wakaacha kuongea, na cha tano.

"Alikuwa anapiga?" binti aliuliza. "Kwa nguvu?"

"Kwa nguvu. Kama mtu anayetaka kutoka."

Binti alianza kulia, kilio ambacho hakuwa amekilia tangu saa sita. Mama mkwe akakaa ukingoni mwa kitanda bila kukaribishwa, akatafuta mguu wa mkwewe chini ya shuka, akaushika.

"Sista." Msimamizi alikuwa mlangoni, na hapakuwa na njia ya kujua amesimama pale muda gani. "Njoo na daftari. Sasa hivi."

"Nakuja, mzee," alisema Sista. "Ninamweleza mzazi. Nikimaliza nakuja."

Msimamizi hakuondoka. Sista akavuta stuli, akaketi akimpa mgongo, akamwambia binti kwamba atamweleza yote, pamoja na kosa lake yeye la kubisha hodi mara tatu badala ya kupiga kelele. Kisha akaanza na saa mbili asubuhi.