Msindikizaji wa Fundi Saa

Fundi saa alimaliza chupa ya tatu ya dawa ya kusafisha tumbo saa kumi na moja alfajiri, na ilipofika saa kumi na mbili alikuwa ameshakimbilia choo mara kumi na nne. Alihesabu kwa sababu kuhesabu ndiyo kazi yake. Mara ya mwisho hakikubaki kitu cha kutoka ila roho, na hiyo aliizuia kwa kuuma meno.

Mkewe alikuwa amemsumbua mwaka mzima aende kupimwa utumbo, maana ugonjwa wa huko ndio uliomwondoa baba yake fundi. Fundi alikubali kwa sharti moja tu, aende peke yake. Mwanamke aliyemvumilia miaka ishirini na sita hakustahili kumwona ndani ya gauni la hospitali, lile lenye heshima zote mbele na nyuma hamna kitu. Lakini fundi hakumwonea baba yake huruma. "Mzee alikufa kwa ukaidi," alizoea kuwaambia wateja, lenzi ikiwa imebanwa jichoni. "Hospitali ile pale, na hakukanyaga."

Ukumbi wa vipimo ulikuwa na mabenchi mawili. La mlangoni lilikuwa la wagonjwa. La dirishani lilikuwa la waliofariki wakisubiri tarehe zao, na hilo ndilo lililojaa zaidi. Juu yake ukutani paliandikwa kwa rangi ya kijani: SUBIRA HUVUTA HERI. Mashine ilikuwa moja, ikipima watu kumi kwa siku, kisha hupumzishwa. Fundi alipewa kadi namba kumi na moja.

Mwanzoni mwa benchi la dirishani alikaa baba yake, aliyezikwa miaka tisa iliyopita, na kofia yake ya sufu kichwani na kadi namba kumi mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umenenepa."

"Unafanya nini hapa?"

"Nasubiri kipimo. Kwani hapa watu huja kufanya nini? Walinipa tarehe ya baada ya miezi kumi na moja. Mwezi wa nane nikafa. Lakini tarehe ni tarehe, nikaja. Siku hiyo mashine ilikuwa mbovu."

Fundi aliketi taratibu, kwa kuwa tumbo lake bado halikuwa na adabu. "Mbona hukutuambia?"

"Niwaambie nini? Kwamba watu wanataka kunitia kamera huko? Wewe mwenyewe mkeo yuko wapi?"

Fundi akatazama sakafu. "Mimi nilikuwa nawaambia watu ulikuwa mkaidi."

"Nilikuwa nasikia. Una sauti kubwa ukiwa dukani."

Ilimuuma. Miaka tisa amemsema vibaya marehemu asiye na kosa, tena mbele ya watu waliokuja kubadilisha betri tu.

"Na hiyo dawa yao," baba aliendelea, "inabidi niinywe kila siku, maana huenda kesho nikapimwa. Miaka tisa naharisha, mwanangu."

"Na zamu yako haijafika?"

"Hufika. Lakini hapakosi mtu hai aliyekosa kadi, anakaa pale analia. Nampa yangu. Mimi nikichelewa, nachelewa nini?"

"Kumi!" muuguzi aliita, kalamu sikioni.

Mzee akamsukumia mwanawe kadi. Fundi akairudisha. "Hapana, baba. Ni zamu yako."

"Wee! Mimi watanikuta na nini wasichokijua? Nenda kabla sijakufinya mbele za watu."

Wakabadilishana kadi. Mlangoni muuguzi akamzuia fundi. "Msindikizaji yuko wapi? Bila msindikizaji hapimwi mtu."

"Nipo," alisema baba.

Muuguzi alimtazama juu hadi chini, akajaza kwenye fomu: Baba, marehemu. "Cheti cha kifo unacho?"

"Ninacho."

"Na nakala?"

Mzee akatoa nakala mbili kutoka ndani ya kofia. Alikuwa anawajua.

Fundi alilazwa ubavu wa kushoto, magoti kifuani. Maisha yake yote alikuwa akifungua saa za watu kwa nyuma, na sasa alijua zilivyojisikia.

"Usibane," alisema daktari.

"Huyo anabana tangu mdogo," alisema baba, akivuta kigoda karibu na kioo cha mashine. "Kumwogesha tu ilikuwa vita." Alitazama picha kwa muda. "Lo, safi kabisa. Mama yako angekuwepo, asingeamini ni wewe."

Kwenye kona ya tatu kamera ikasimama. Fundi alisikia moyo wake ukigonga ovyo, kama saa iliyoanguka. Aliogopa, na hakujificha.

"Pana kinyama kimeota hapa," alisema daktari. "Kikiachwa ndicho kinachoua." Akakizungushia kitanzi chembamba cha waya, akakikata, akakitia kichupani. Ilichukua muda mfupi kuliko kubadilisha mkanda wa saa.

Baba alikisogelea kioo. "Na changu kilianza hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Na dawa yake ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu, mzee," alisema daktari, akivua glavu.

Mzee akaivua kofia, akaivaa tena.

Waliporudi ukumbini fundi alimshika mkono. "Baba, twende nyumbani."

"Nikiondoka watanifuta kwenye orodha."

"Basi kesho nitakuja mimi, niwe msindikizaji wako."

"Njoo. Na huko dukani uwaambie watu nilikuja."

Muuguzi alifunga mlango wa mashine, akasimama katikati ya ukumbi. "Mashine imepumzika. Walio hai, rudini kesho saa moja. Wengine, kaeni hapo hapo."

Wa benchi la dirishani wakasogeleana kumpa mzee nafasi. Akaketi, akaifutika kadi namba kumi na moja kofiani, akafungua chupa ya dawa, akaziba pua na kuanza kunywa.