Mashine ya Mtoto wa Nansio

...na usilale, amesema sista Dorotea, ukilala naye kifuani hutajua akisahau kupumua, kana kwamba kupumua ni kitu cha kusahau, kama chumvi, lakini ndivyo walivyo hawa njiti, waliozaliwa kabla ya siku zao, wanasahau, nami nimefungwa naye kwa kitenge, ngozi kwa ngozi, siwezi kuinama wala kujikuna, mama mkwe alichungulia dirishani akacheka, "Wilhelmina, unamficha mjukuu wangu kama simu," akarudi zake nyumbani Pasiansi, yeye anaweza kurudi... akisahau, mpige kidole kwenye unyayo, hivi, kama unafukuza nzi, jana hiyo ilikuwa kazi ya mashine ya kupumulia, moja tu wodi nzima, na ya Dorotea, leo ni yangu mimi muuza dagaa, kwa sababu asubuhi kaletwa mtoto wa Nansio, kavushwa na kivuko midomo imeshabadilika rangi, na daktari Rwekaza akasimama katikati ya vitanda viwili, akamtazama yule, akamtazama wangu, "Huyu wa Wilhelmina amejitahidi, mtoeni kwenye mashine," amejitahidi, yaani angezembea angebaki nayo... "Dokta, na akishindwa?" "Uko naye, mama," akaenda zake upasuaji, ndiko aliko mama wa yule, wanamshona, hajamwona hata mwanawe... mbona kimya, kifua hakipandi, sista, nataka kuita lakini Dorotea kainama kwa yule, mikono yote miwili, ana mikono miwili tu na watoto chumba kizima, unyayo, hivi, tena, vuta baba, vuta, tena... kakunja uso, kavuta, anavuta, jasho langu linamtiririkia kichwani, na midomo yangu bado inasema ilichokuwa ikisema tangu asubuhi, irudi, Mungu wangu, mashine irudi, nilidhani nasali, lakini yule mtoto akitolewa sasa atadumu wapi, mashine itarudi kwangu kwa njia moja tu, yule afe, nimekaa hapa na mtoto kifuani namwomba Mungu amuue mtoto, na Bikira Maria nimemtaja, na kama si kitenge hiki labda ningeinuka nikamvua ile mashine mwenyewe, mimi, ambaye jirani akifiwa huwa wa kwanza kupeleka kuni... basi niombe nini, nikiomba wote wapone mashine ni ileile moja... "Wilhelmina! Huyo anapumua?" Dorotea hageuki, gauni lake limelowa mgongoni. "Anapumua, sista," nasema, na kabla sijafunga mdomo swali limeshaniponyoka, "Na huyo?" Bado kainama, kidole chake kinampiga yule unyayoni, hivi, tena...