Kipoza Oili cha Shemeji

Mtu hajakanyaga kwako miaka mitatu, leo anakuja na zawadi kwenye boksi! Muhanna hakuwa mtoto wa kudanganywa kwa peremende. Ghasib, kaka wa mkewe, ndiye aliyesema siku ya harusi, tena mbele za watu, kwamba dada yake anatupwa jangwani. Sasa alikuwa chali chini ya gari la Muhanna, uwani, akifunga kipoza oili cha giaboksi mbele ya rejeta, tena akipiga miluzi.

Kipoza kilihitajika, hilo Muhanna hakulikataa. Shinuna, mkewe, alikuwa na mimba ya miezi minane. Kutoka kwao hadi barabara ya lami ya mji wa Bidiya ni saa nzima ya mchanga, na kila wakipanda vilima taa ya joto la giaboksi iliwaka. Uchungu ukimshika mkewe, gari ni hilo hilo moja.

"Washa, shemeji. Kidogo tu."

Ghasib alikuwa amechomoa mipira miwili ya giaboksi, ajue upi unatoa oili na upi unairudisha. Oili ikaruka ndani ya chupa aliyoikinga. Akaisugua kwa vidole, akainusa, akaifunika chupa upesi.

"Vipi?" Muhanna akauliza.

"Hamna kitu. Zima."

Hamna kitu! Mtu ananusa kitu, halafu hamna kitu! Ghasib alipomaliza kuunga mipira na kuongeza oili, Muhanna alivuta kila mpira, akakagua kila kibano. Kazi ilikuwa safi, na usafi huo ukazidi kumtia shaka. Alipoingia kunawa, akamkuta Ghasib mlangoni pa jikoni akimnong'oneza Shinuna. Walipomwona, wakakatisha.

Ahaa, kumbe kaja kumchukua dada yake.

Kahawa ikaja na tende. Muhanna akamimina. Ghasib akapokea kikombe, akakiweka mkekani bila kukigusisha mdomo. Muhanna akalitua birika. Mgeni akikiweka hivyo ana ombi, na muungwana hulikubali kabla halijatamkwa. Baba yake Muhanna aliwahi kutoa ngamia kwa namna hiyo, wala hakuuliza.

"Sema kwanza," Muhanna akasema.

"Muhanna! Aibu gani hii?" Shinuna akamaka nyuma ya pazia.

Ghasib alimtazama kwa hasira. "Nilitaka uchukue gari langu mpaka dada ajifungue, lako uniachie mimi. Oili yako imeungua, imekuwa nyeusi tii. Kipoza hakifufui kilichokufa. Najua kiburi chako, ungekataa, ndiyo maana nikaja kwa adabu ya kuomba. Kumbe mwenzangu unaniona mwizi!"

Akautupa ufunguo wake mkekani, akatoka, akaliwasha gari la Muhanna, akaondoka nalo. Muhanna akamkimbilia pekupeku kwenye mchanga wa adhuhuri.

"Ghasib! Ombi lako limekubaliwa! Wallahi limekubaliwa!"

Gari likasimama chini ya kilima cha kwanza. Muhanna akadhani amesamehewa. Wapi! Injini ilinguruma, magurudumu hayazunguki. Giaboksi ilikuwa imekata roho hatua mia mbili kutoka mlangoni.

Ghasib akashuka, jasho likimtiririka. "Haya niambie, shemeji. Angekuwa dada humu, na uchungu wake?"

 Muhanna akaketi pale pale mchangani, akalia mbele ya mtu aliyekuwa akimshuku tangu asubuhi.