Gari Zima

Katika gereji yetu kila fundi ana neno lake. Akimaliza kukagua gari, analiandika kwenye utepe wa karatasi na kuubandika nje ya kioo cha mbele. Fundi wa injini huandika SAWA. Mpaka rangi huandika TAYARI. Mimi ni fundi umeme, nina stashahada na miaka kumi na tisa kazini, na niliandika ZIMA. Gari zima, halina kasoro. Wenzangu walinitania kwamba natibu wagonjwa.

Binti yangu ndiye aliyeyapeleka magari hayo kwa wenyewe: magari ya kasi, ya chini, viti kama bakuli. Gereji nzima ilimwita Gia. Ilikuwa imebaki miezi miwili apate leseni ya mashindano, na hakuwa na habari nyingine. Hata jikoni alikata kona na sufuria mkononi.

Ile swichi yenye picha ya gari linaloyumba nilimfundisha mwenyewe. Magari haya yana kompyuta inayozuia tairi zisiteleze, na dereva akitaka kulitawala gari peke yake huizima. Wengi hubonyeza mara moja wakadhani wamemaliza. Nilimwambia hapo umeipunguza tu. Ukitaka iondoke kabisa, shikilia mpaka taa ya njano iwake. Alishika somo upesi kuliko mafundi wangu.

Siku ile mvua ilinyesha tangu asubuhi. Kioo kilikuwa kimelowa, utepe ukakataa kushika. Gari jingine lilikuwa linanisubiri, kwa hiyo nikafungua mlango nikaubandika ndani, mahali pakavu pa kwanza mkono wangu ulipofika. Chini ya ile swichi.

Kwenye kona ya pili kutoka gerejini, gari lilizunguka likakumbatia nguzo.

Gia alipozinduka hospitalini, mguu wa kulia ukiwa na vyuma kuanzia nyonga, nilimfokea kabla sijamshika mkono. Ndivyo nilivyo. Gari halizunguki hivyo kompyuta ikiwa imewashwa, nikamuuliza nani alimwambia aizime kwenye mvua.

"Wewe," alisema. "Uliandika zima."

Nikamwambia nilimaanisha gari ni zima, kama siku zote.

"Siku zote utepe uko kwenye kioo, mama. Huu ulikuwa kwenye swichi. Nikasema labda umeona kompyuta ina hitilafu. Nikashikilia mpaka taa ikawaka, kama ulivyonifundisha."

Ndipo nilipomshika mkono.

Kwenye kikao walikuwa meneja na mkaguzi wa ajali. Nilieleza yote, hata yale ya kunifukuzisha kazi. Mkaguzi, mtu mpole, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanigeuzia kompyuta yake. Kumbukumbu ya gari ilionyesha swichi imeshikiliwa kwa sekunde sita, kabla gari halijaondoka. Picha za ajali hazikuwa na utepe wowote; dashibodi yote ilikuwa imepasuka. Meneja akasema mama yeyote angesema kama nilivyosema.

"Hata kama utepe ulikuwepo, mama," mkaguzi aliuliza, "nani alibonyeza?"

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Dereva alizima mfumo kwa hiari yake. Leseni yake imefutwa, na ombi la ile ya mashindano limefungwa. Daktari alikuwa ameshatuambia kwamba goti halitakunjika tena.

Sikufukuzwa. Siku hizi naandika SAWA kama fundi wa injini, na hakuna anayenitania.

Jana mchana nilimkuta sebuleni, mguu juu ya stuli. Redioni walikuwa wakitangaza mashindano ambayo angekuwemo. Nikakaa kando ya redio, tukasikiliza mizunguko mitatu.

"Zima, mama," alisema.

Nilimtazama kwanza, nihakikishe nimemwelewa. Kisha nikaizima.