Milango ya Kina Ndululu

Tingatinga lilipofika mtaa wa Raila, Kibera, asubuhi hiyo, Syokau Ndululu alikuwa anampakulia mteja wa kwanza muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Alimaliza kupakua, akaongeza upawa mmoja wa juu kama ilivyo kawaida yake, akapangusa mikono kwa aproni, ndipo akainuka kwenda kutoa vitu nyumbani. Huwezi kumwacha mtu na bakuli tupu eti kwa sababu ya tingatinga. Majirani walikuwa wameshaanza kutoa vyao: magodoro, majiko, televisheni zilizofungwa kwa mashuka, kuku mmoja ndani ya karai. Barabara ilikuwa inapita hapo. Kila mtu alikuwa ameambiwa itapita, ila hakuna aliyeambiwa aende wapi.

Syokau alitoa godoro, sufuria zake na picha ya marehemu mumewe. Mlango hakuugusa. Aliufungua komeo tu, akauambia, "Haya, twende tena." Mlango ukajitoa kwenye bawaba, ya juu kwanza kisha ya chini, ukatoka nje na kusimama kando ya njia ukingoja afunge mzigo. Ulikuwa mlango wa mbao nzito, umepakwa rangi ya samawati juu ya kijani juu ya kahawia. Dereva wa tingatinga alizima injini kidogo ili upite, kisha akaiwasha.

"Wenu umeshatoka?" aliuliza Mildred, muuza omena waliyepakana naye ukuta mmoja. Alikuwa na meza kichwani na mwanawe Marvin mgongoni.

"Umetoka, Mama Marvin. Nanyi mnaelekea wapi?"

"Kanisani. Pasta amesema tulale kwa ukumbi mpaka tupate keja. Ai, Mama Kitheka, nyinyi kina Ndululu Mungu aliwapendelea."

Syokau hakukanusha. Kwa mambo mengine alikuwa mnyenyekevu kupita kiasi, lakini mtu akiligusa jina lake, shingo ilirefuka yenyewe.

Na kwa nini isirefuke? Hilo si jina la kuokota kila kona. Hata huko Kitui alikotoka babu yake, ukiwauliza watu kina Ndululu hao wako wapi, utaonyeshwa njia ya kurudi Nairobi. Babu alikuwa seremala. Alikuja mjini enzi za mkoloni, akawatengenezea watu milango, na mwishowe akatengeneza wake. Askari walipokuja kuwafukuza wasio na kibali, waliung'oa mlango huo wakautupa kwenye lori pamoja na mwenyewe. Jioni mlango ukashuka kwenye lori, ukavuka mto, ukaenda kusimama kwa dada yake babu upande wa pili wa mji. Babu alipotoroka na kurudi aliukuta umeshaingia kwenye fremu, dada yake amelala nyuma yake bila wasiwasi. Hakushangaa. Alijua ameutengeneza vizuri.

Ila aligundua jambo moja: mlango hauna macho. Haumjui mtu kwa sura, humjua kwa jina. Basi babu akapitisha neno lililowaudhi wazee wa Kitui. Kwao jina la babu humrudia mjukuu, na baba katikati huwa na lake. Yeye akasema lake halitapumzika kwa mtu yeyote. Watoto wote walibebe mwisho wa majina yao, wa kike kwa wa kiume, walioolewa na wasioolewa, na kila anayeanza nyumba apewe mlango wenye ubao mmoja kutoka ule wa kwanza. Wazee walisema huyu Nairobi imemharibu. Huenda ni kweli, lakini hakuna mtoto wake aliyewahi kulala nje.

Uhuru ulipokuja, milango iliendelea kutembea, kwa maana tingatinga lilikuwa bado halijapata habari za uhuru. Palipobomolewa, Ndululu alihamia kwa Ndululu mwenzake, naye akibomolewa wakahama wote. Mtu akitaka kujua mji huu umewahi kubomoa wapi, asihangaike na ofisi za serikali. Aulize ukoo huu ulikaa wapi na ulitoka lini. Wengine walichoka, wakaondoka kabisa. Kitheka, mtoto wa pekee wa Syokau, alikuwa Voi. Binamu mmoja alikuwa Doha, na mlango wake umeegemea nyumba ya watu Mlolongo hadi leo, kwa vile haujui kupanda ndege. Nairobi walibaki wawili tu: Syokau wa Raila, na Kevin wa Kawangware, mtoto wa marehemu kaka yake Nzuki.

Kwa hiyo mlango ulishika njia ya Kawangware. Ulipita Ayany, ukaingia Barabara ya Ngong na kutembea upande wa waenda kwa miguu, maana ni mlango wenye adabu. Syokau aliufuata. Nyuma yake alikuja mtu wa bodaboda amebeba godoro, akiendesha polepole, miguu ikiburura chini.

"Mathe, hiyo mlango haichoki?" aliuliza.

"Ikichoka itaegemea ukuta. Wewe shikilia godoro."

Watu waliwapisha. Mama mmoja wa ndizi alisema, "Hao ni kina Ndululu. Poleni, wamebomoa wapi tena?" Syokau akajibu, "Raila," akaendelea na safari kichwa juu. Ndiyo, alikuwa amevunjiwa nyumba. Lakini alikuwa anajua anakokwenda, na asubuhi hiyo wengi hawakujua.

Kevin alikuwa fundi wa simu. Walimkuta amekaa nje ya chumba chake, kwenye ploti ya vyumba vya kupanga vya mabati nyuma ya soko, simu ya mtu imefunguliwa mapajani. Mlango ukasimama mbele yake ukabisha hodi kwa komeo lake lenyewe. Kevin akainua macho, akayashusha tena.

"Sasa, anti," alisema. "Ingia, nitakuwekea chai. Lakini hiyo mlango ibaki nje."

"Ibaki nje kwa nani?"

"Anti, usikasirike. Mi si Ndululu siku hizi. Naitwa Kevin Nzuki, basi. Nilitoa hiyo jina kila mahali. Nikienda kuomba kazi, mtu akiisikia tu ananiuliza kwetu wamebomoa wapi. Nikiwa mdogo tulikuwa tunalala familia tatu kwa kitanda moja, kila mwezi mlango mwingine unabisha. Mi nilichoka. Nataka niwe mtu wa kawaida."

Hakusema kwa ubaya. Ila milango husikia. Ule wa samawati ukageuka taratibu, ukaanza kutoka ploti. Syokau aliutazama ulivyoelekea, akajua ni Voi. Moyo ukamshuka. Mlango ukishafika Voi haurudi, na mwenye jina huenda na mlango wake. Nairobi ingebaki bila Ndululu hata mmoja, nalo jina lingekuwa limeondoka bila askari na bila tingatinga, limetolewa na kijana wa kwao aliyeona haya. Hakuwa amelia Raila, lakini hapo machozi yalimtoka waziwazi, mbele ya wapangaji waliokuwa wanafua.

"Kevo," alisema, akijifunga leso upya kwa safari. "Mkoloni alishindwa. Wewe umeweza."

Kevin aliinuka ghafla. Simu ya mtu ikaanguka, skrubu zikatawanyika.

Lavender, mke wake, alikuwa anarudi kutoka saluni anakosuka watu, kitana kimechomekwa kwenye nywele. Alikutana na mlango uso kwa uso kwenye geti. Hakuupisha.

"We unaenda wapi?" aliuuliza. Halafu akamwona Syokau. "Anti, huu mlango unaenda wapi?"

"Voi, mwanangu. Hapa hakuna mwenyewe."

"Nani amesema hakuna?"

Lavender alizaliwa Kibera, binti wa Obiero fundi viatu. Akiwa mtoto walibomolewa, wakakaa juu ya magunia kando ya reli wakinyeshewa. Hapo aliona mlango ukipita, na nyuma yake familia nzima imebeba vyombo, inapiga stori kama watu wanaokwenda arusi. Alimuuliza baba yake hao ni nani, akaambiwa ni kina Ndululu. Alipokua akatokea Kevin kumtongoza, wenye midomo walisema kilichompendeza ni jina, kwa vile zaidi ya jina kijana hakuwa na mengi. Walipooana, Kevin alikwenda ofisi ya usajili kulitoa jina la Ndululu. Wiki hiyohiyo Lavender alikwenda kulichukua. Hakumwambia, maana hakuulizwa.

Sasa aliuwekea mlango kiganja kwenye ubao wa katikati, akatamka polepole ili usikie vizuri. "Lavender Ndululu. Kwangu ni pale, chumba cha tatu. Karibu."

Mlango ukageuka. Ulipita mbele ya Kevin bila kinyongo, ukabisha hodi tena. Mlango wa chuma wa mwenye ploti ukajitoa kwenye fremu, ukaenda kuegemea ukuta wa choo umenuna kidogo. Ule wa samawati ukaingia mahali pake. Msimamizi wa ploti alikuja, akaangalia bawaba, akauliza, "Ni wa kina Ndululu?" Akaambiwa ndiyo. Akasema basi sawa, wasipige misumari kwa ukuta, akaenda zake.

"Mbona hukuniambia?" Kevin alimuuliza mkewe.

"Wewe ulitoka, mimi nikaingia. Kiti hakikuwa na mtu."

Kevin alisogeza sofa ili godoro la shangazi lipate nafasi. Syokau alipika muthokoi wa kujaza sufuria kubwa, wakala wote na wapangaji wawili. Alimtazama yule binti wa Obiero akikomba sahani, akajisikia fahari kubwa kuliko ya siku zote, ya kumfanya mtu ashindwe kukaa.

Mambo yangeishia hapo, lakini Mildred alikuja. Bado alikuwa analala ukumbi wa kanisa, na sasa ukumbi ulikuwa unatakiwa kwa arusi. Alikunywa chai, akasifu nyumba, akazungumza habari za omena kupanda bei, ndipo akalisema lililomleta.

"Mama Kitheka, hilo jina lenu. Huwa mnagawa?"

Nisikudanganye, Syokau hakupenda swali lile. Utamu wa jina lake ulikuwa uchache wake. Alikuwa amezoea kulivaa kama mtu mwenye kitenge cha pekee kanisani, na sasa mwenzake alikuwa anaomba washone sare. Lavender alikuwa anakunja nguo. Aliacha kukunja.

"Babu alisema walibebe watoto wake," Syokau alisema mwishowe.

"Najua, dadangu. Ndiyo maana nimeuliza, sijachukua."

Marvin alikuwa amelala juu ya godoro la Syokau, mdomo wazi. Syokau akamtazama, akakumbuka kwamba babu alilifanya jina lile ili watu walale. Hakulifanya ili mtu aringe. Aliona haya, na haya hizo zilimtoka upesi, kwa sababu hakuwa mtu wa kuzifuga. Alimvuta Mildred mkono hadi mlangoni, akambandika kiganja kwenye ubao wa babu.

"Sikia, mzee," aliuambia mlango. "Huyu ni Mildred Ndululu. Na mtoto ni Marvin Ndululu."

Komeo likalia mara moja. Na kule uwanja wa kanisa, mlango wa mabati wa Mildred, uliokuwa umelala chini ya mizigo tangu Raila, ukasimama na kujikung'uta vumbi. Jioni ulikuwa umefika Kawangware, unabisha. Kevin ndiye aliyeufungulia. Alisema, "Karibu," kisha akasimama hapo kizingitini, akamuuliza shangazi yake kama aliyetoka anaweza kurudi.

"Weka mkono, mjinga wewe," Syokau alisema, akicheka na kulia.

Habari haikai ndani ya mabati. Alikuja Wamucii wa vitunguu, akaja Nereah na wajukuu zake, akaja Sella ambaye hakuna aliyemjua. Syokau hakumrudisha mtu. Ubao wa babu ulikatwa vipande vyembamba vya kugongelea kwenye milango yao, kisha vijiti, na mwishowe ikawa ni kupaka unga wa randa kwa gundi. Ulitosha. Kuna Ndululu Waluo sasa, Wakikuyu, Waluhya, na mmoja Mnubi wa Makina anayelitamka vizuri kuliko Kevin. Barabara ya Raila ilikamilika, pana, ina taa. Waliotolewa pale hawajaonyeshwa pa kwenda hadi leo, na alama nyekundu za kubomoa zinaendelea kuchorwa kwenye kuta za mitaa mingine.

Syokau anauza muthokoi Dagoretti Corner. Asubuhi moja, wateja wakiwa wengi, milango ilitokea upande wa mjini. Ilikuwa ya mbao, ya mabati, mmoja wa pazia tu ulioshikwa na fito, na nyuma yake watu na vyombo vyao. Mwanzo wa mstari ulikuwa umefika kwenye makutano na mwisho wake haukuonekana. Madereva walipiga honi kidogo, wakaacha. Askari wa trafiki alishuka kwenye jukwaa lake na kumwendea Syokau, kwa vile kila mtu pale anajua hayo ni mambo ya nani.

"Mama, zamani mlikuwa watu wachache," alisema. "Sasa nyinyi kina Ndululu mko wangapi?"

Syokau alikuwa ameshasimama ili awaone vizuri watu wake. Shingo ilikuwa imerefuka.

"Mimi sijui, afisa," alisema. "Muulize mwenye tingatinga."

Askari akaitikia kwa kichwa. Akarudi katikati ya barabara, akanyoosha mkono, magari yakasimama pande zote, na milango ikavuka.