Gari Lililosahau Kila Asubuhi

Katika mtaa wetu wa Glendale kila Muarmenia ni fundi wa magari, mpaka gari liharibike kweli. Hapo ndipo wote hukumbuka kwamba wana shughuli kwingine.

Gari langu nililinunua kwa binamu wa mume wangu. Wahenga walishasema rahisi ni ghali, nami nikajifanya siwasikii. Lilikuwa la Kijapani, rangi ya maziwa yaliyoungua, na ukisimama nyuma yake injini ikiunguruma huoni moshi wala husikii harufu. Lakini California haiamini pua ya mtu. Lazima gari lifaulu kipimo cha moshi ndipo lipewe kibali cha barabarani, na mimi bila kibali hicho kazi sina. Nilikuwa nimeahidiwa kazi ya kumtunza bibi mmoja mgonjwa huko juu Sunland, ambako basi halifiki, na wenye kazi walinieleza wazi: Jumatatu njoo na gari lenye karatasi halali, la sivyo tunamchukua mwingine. Tangu nije Marekani nimefanya kazi katika duka la mikate la shangazi wa mume wangu, nikiambiwa kutwa nzima unga mwingi, unga kidogo, mbona unakanda kama una hasira. Hasira nilikuwa nazo. Niliitaka sana ile kazi.

Mara ya kwanza lilifeli kwa sababu taa ya onyo la injini ilikuwa inawaka, na hilo nililikubali. Razmik, fundi wetu, alibadilisha kihisi kimoja kwenye bomba la moshi, akafuta kosa katika kompyuta ya gari, akaniambia niliendeshe siku kadhaa ndipo nirudi. Nikaliendesha, nikarudi. Likafeli tena, safari hii bila taa yoyote. Razmik akanitazama kama mtu aliyemkuta jirani yake ndani ya banda la kuku.

"Dada Arpine, umechomoa betri?"

"Nichomoe betri ya nini?"

"Watu huchomoa. Wakiona taa wanachomoa betri, kompyuta inasahau makosa yake, halafu wananijia hapa na nyuso za malaika. Mashine inaniambia gari lako halijui chochote. Limezaliwa leo asubuhi."

Nilimjibu kwamba kwetu hatukuzaliwa matapeli, na kwamba mama yake angemsikia angemfinya sikio. Akanieleza, kwa ule upole wake unaoudhi, kwamba kompyuta ya gari hujipima yenyewe kidogo kidogo: injini ikiwa baridi asubuhi, kisha kwenye barabara kuu kwa mwendo usiobadilika, kisha mjini taratibu, leo hiki, kesho kile, mpaka imalize. Ikikatiwa umeme kabla ya kumaliza, husahau yote na kuanza upya. Na gari ambalo halijamaliza kujipima halipiti, hata likitoa harufu ya waridi.

Basi nikaendesha. Nilikwenda mpaka Pasadena nikarudi bila kununua hata chumvi. Nikafeli tena. Mtaa mzima ukaleta dawa: huyu aliniambia nibadilishe kifuniko cha tangi, yule nimwage chupa ya dawa kwenye petroli, mama mmoja akashauri nimwite padri alinyunyizie maji ya baraka, na hakuwa anatania. Redio ya gari nayo ilikuwa imenichosha. Kila asubuhi stesheni zangu zilikuwa zimefutika na saa inapepesa saa sita kamili. Nikaona ndio uzee wa gari, ng'ombe wa maskini hazai.

Mume wangu Gevorg, ambaye hucheka hata kwenye foleni ya benki, alisema gari limeniiga mimi, kwani nikiambiwa jambo jioni asubuhi silijui. Kisha akasema, safari hii bila kucheka, kwamba labda tulirudishe kwa binamu nami nibaki zangu kwenye mikate. Sikumpikia kahawa siku hiyo.

Aliyenihurumia ni baba mkwe, mzee Vardges. Alihamia kwetu kutoka Gyumri, kule Armenia, baada ya kufiwa na mkewe, Hasmik. Kila jioni aliniuliza swali moja tu, limepita? Nikisema halijapita, hunishika kichwa na kuniambia maneno yetu ya siku zote, maumivu yako niyabebe mimi. Kisha huenda kupanga viatu mlangoni.

Alhamisi niliamka alfajiri ili niingie barabara kuu kabla ya malori. Nikatoka na funguo mkononi, nikakuta bonneti iko wazi. Mzee Vardges alikuwa ameinama humo akiwa na koti juu ya pijama, spana mkononi, anakaza waya wa betri. Miguuni pake palikuwa na taulo letu la bafuni, limekunjwa vizuri, lina alama ya mraba ya kitu kizito.

Kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kwenye pijama.

"Baba, unafanya nini?"

"Nairudisha. Leo umewahi kuamka."

"Unairudisha kutoka wapi?"

"Chumbani kwangu. Mwanangu, unafikiri naiacha ilale nje?"

Alilisema hilo kama mtu aliyeulizwa kwa nini anawaingiza watoto ndani mvua ikinyesha. Gari la Gevorg hulala kazini, kwa hiyo hili langu lilikuwa la kwanza kulala mlangoni petu tangu mzee aje, na tangu lilipofika kila jioni ameichomoa betri na kila alfajiri ameirudisha. Maneno makali nilikuwa nayo tayari, yamejipanga. Nikamwambia ndiyo sababu gari linafeli, kwamba kila akichomoa linasahau, na kwamba Razmik ameniita tapeli.

Mzee akaweka spana chini.

"Ni mimi ninayekufelisha?"

"Ni wewe, baba."

Sikutaka kumdanganya. Akakaa kwenye ngazi, akaanza kunieleza majira ya baridi ya wakati wa vita, kule Gyumri, umeme unakuja na kuondoka kama mgeni asiyependa chakula chenu. Watu wote waliingiza betri za magari ndani, wakaunga taa, wakaunga redio. Yeye aliiacha yake garini usiku mmoja tu, kwa uvivu, ikaibwa. Usiku huohuo Hasmik akashikwa na uchungu.

"Mkunga alikuwa anapapasa gizani. Nilibisha kila mlango wa jengo lile nikiomba betri, Arpine. Watu wananisikia, hawafungui. Mtoto alitoka shingo imezungukwa na kamba ya kitovu, na mama mmoja wa ghorofa ya juu ndiyo kwanza anashuka na betri yake. Taa ikawaka, mkunga akaona, akamfungua. Angechelewa kidogo, wewe ungeolewa na mtu mwingine."

Miaka yote niliyolala ubavuni mwa Gevorg sikuwahi kulisikia hilo. Hasira zikaniisha, nikakaa naye ngazini. Nilimshika mkono, ulikuwa unanuka mafuta ya injini. Nikamwambia naihitaji kazi ile, na naihitaji betri ikae garini. Akafikiri. Kisha akaanza kupatana nami kama yuko sokoni: sawa, ya gari ikae garini, lakini ndani lazima pawe na nyingine, iliyojaa.

Razmik alinipa betri kuukuu iliyo hai bado. Jioni Gevorg akaikuta kwenye korido karibu na viatu, akaanza kucheka. Baba yake akaunga taa ndogo na kumsimulia. Gevorg akaacha kucheka. Akaenda mwenyewe kuzima taa ya dari, tukala kabichi iliyojazwa nyama kwa mwanga ule, na hakuna aliyetania.

Niliendesha siku mbili mfululizo, barabara kuu na mjini, na Jumamosi nilikwenda na mzee kwenye kipimo. Alivaa suti. Alisimama pembeni amekunja mikono nyuma wakati Razmik anachomeka waya wake chini ya usukani. Mashine ikawaza. Razmik akainua kidole gumba.

"Limepita, dada. Jumatatu nenda kazini."

Nikalia, palepale mbele ya wateja, wala sikuona haya. Mzee Vardges akamsogelea Razmik.

"Kwa hiyo sasa linakumbuka?"

"Kila kitu, babu. Halisahau tena."

Mzee akaliangalia lile gari, akalipapasa bonneti.

"Maskini," akasema. "Litazoea."

Kisha akaingia, akafunga mkanda, akaniambia niendeshe polepole.